Kome Wanaopita kwenye Pete

Ng'ombe wa Abeli walikuwa wameshafungwa nira Loisi alipofika. Walikuwa wanne, mbavu nje, na nyuma yao plau ilikuwa imelazwa ubavu kwenye tope lililoanza kupasuka. Watu wa kikundi walikuwa wamesimama kuwazunguka, akina mama na viroba vitupu mabegani, wanaume wamekunja mikono kifuani. Hakuna aliyekuwa ameingia kwenye tope. Loisi alipozima pikipiki, mazungumzo yalikatika.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo.

Waliitikia wachache, wakitazama pembeni.

Loisi alikuwa mtoto wa hapo hapo Bahi. Alikwenda chuo kusomea uvuvi, akarudi kwa mkataba wa kusimamia kikundi cha wavuna kome. Miaka ya mvua nzuri, kinamasi kilipojaa, akina mama waliingia majini hadi magotini, wakatembea taratibu wakipapasa tope kwa nyayo. Mguu ukikanyaga kitu kigumu, mtu anainama na kuibuka na kome, makombe yake mawili yamefumbana. Nyama ililiwa nyumbani. Makombe yalikaushwa, yakanunuliwa na Mustapha, mfanyabiashara wa Dodoma mjini, ambaye aliyasaga na kuyachanganya kwenye chakula cha kuku.

Sheria za kikundi Loisi aliziandika pamoja nao, na wilaya ikatoa kibali kwa sababu ya sheria hizo. Kome wanavunwa kwa mguu na mkono, si kwa chombo. Kome anayepita kwenye pete ya chuma ni mdogo, anarudishwa majini akue na kuzaa. Pete yenyewe, pana kama mdomo wa kikombe, ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea, na Loisi hakuwahi kuja kinamasini bila kuibeba.

"Shikamoo, baba Abeli."

"Marahaba." Abeli alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mtu mrefu, mchache wa maneno. "Umekuja na pete yako?"

"Ninayo."

"Basi ivae kama bangili. Leo hatupimi."

Watu walicheka. Loisi naye alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Plau haiingii humu, baba. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kukiwa na maji." Abeli alinyoosha fimbo kuelekea katikati ya kinamasi, ambako kulibaki dimbwi moja la rangi ya chai, korongo wamesimama ndani yake. "Umeandika kome mdogo arudi majini. Yako wapi? Nionyeshe nimrudishe. Mvua bado miezi. Jua litawapika wote, mkubwa kwa mdogo. Hiyo sheria yako inalinda maiti."

"Sema tena!" alipaza sauti mtu mmoja. Alikuwa Gerson, ambaye shamba lake la mpunga lilikauka kabla halijatoa hata suke.

Loisi alimgeukia Mustapha, aliyekuwa ameegemea mlango wa kenta yake kivulini.

"Usinitazame mimi, dada," Mustapha alisema. "Mimi napakia kinacholetwa. Ila nisikufiche, gari hili halirudi tena huku kwa viroba vitatu. Leo lijae, au tuonane mwakani."

Kisha Loisi akamwona Dorkasi. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kanga, alikuwa amesimama upande wa plau.

"Na wewe, mama mdogo?"

"Mpunga umekufa, mwanangu. Ulitaka nisimame wapi?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko chote. Alijua plau ikipita mara moja, tope lote litageuka, na kila kome aliyemo atakuwa juu ndani ya siku moja. Mvua zikirudi, maji yatakuta tope tupu. Hakutakuwa na kome wa kuzaa, mwaka huo wala miaka mingi itakayofuata, na akina mama hawa watatembea majini wakipapasa matope matupu.

"Hawafi," alisema. Sauti ilitoka juu kuliko alivyotaka. "Maji yakiondoka wanajifukia. Wanafumba makombe na kulala hadi mvua inyeshe."

"Umewaona?" Abeli aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nani angebisha? Lakini watu wote walikuwa wanamtazama usoni, na Dorkasi alimjua akidanganya tangu utotoni.

"Sijawaona. Nimesoma. Ni kome wa mahali pengine."

"Amesoma!" Gerson alipiga paja. "Haya, na hawa wa Bahi nao wamesoma? Wanajua kwamba wanatakiwa kulala?"

Safari hii kicheko kilidumu. Abeli hakucheka. Alishika mikono ya plau, akaisimamisha.

"Subiri, baba. Kule juu, karibu na majaruba ya mpunga, maji yaliondoka zamani. Twende tukachimbe. Tukikuta wamekufa, ingiza plau, sitakuzuia, na wilayani nitakwenda kusema mwenyewe."

"Tukiwakuta hai?"

"Ng'ombe wanarudi nyumbani."

Abeli alifikiri. Akatema mate pembeni. "Mmesikia wote. Asije mtu kesho akasema Abeli aliamua peke yake."

Walikwenda kwa pamoja, majembe ya mkono mabegani. Kule juu ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande, vigumu kama matofali. Gerson alikuwa wa kwanza kupiga jembe. Kipande kikang'oka, na chini yake kukaonekana kome watatu wadogo.

Wote walikuwa wamefunuka. Vumbi lilimwagika kutoka ndani yao.

Mwingine alichimba pembeni, akakuta kome wadogo tena, wakavu, wepesi kama maganda ya karanga. Mwingine vilevile. Loisi alimchukua mmoja akampitisha kwenye pete. Alipita bila kugusa chuma.

Abeli alimpigia mluzi Silvano, mdogo wake, aliyebaki na ng'ombe. "Walete!"

Loisi alisikia mnyororo wa plau ukianza kuburuzwa. Alipiga magoti ndani ya shimo la Gerson na kuchimba kwa mikono. Udongo ulimkata kucha. Chini kidogo ulikuwa mweusi zaidi, kisha laini, kisha una ubaridi. Kivuli kilimwangukia, alidhani ni Abeli amekuja kumtoa. Alikuwa Dorkasi. Naye alishuka shimoni, akaanza kuchota udongo kwa viganja na kuutupa nje.

"Afisa, toka," Abeli alisema. "Umejitahidi."

"Bado kidogo, baba."

"Ulikubali mbele za watu."

"Nimekubali. Nipe kidogo tu."

Mkono ulikuwa umezama hadi karibu na kiwiko vidole vilipogonga kitu. Alikizungushia vidole, akavuta. Alikuwa kome mkubwa, mweusi, amefumba.

Abeli alimpokea, akampima uzito mkononi. "Amejaa tope tu."

"Mfungue."

Abeli alichomoa kisu kiunoni na kuingiza ncha kati ya makombe mawili. Ncha iliingia kidogo, ikakwama. Alisukuma. Tone la maji lilichuruzika kwenye kidole chake. Alijaribu kukichomoa kisu, kikakataa. Alipokiinua, kome aliinuka nacho, akaning'inia hewani amekiuma.

"Yesu wangu," alisema mama mmoja.

Wakaanza kuchimba wote. Sasa walikwenda chini, na huko walikuwamo: wakubwa, wamesimama wima, wazito, wamefumba. Akina mama walipiga vigelegele. Gerson alimkumbatia mmoja kama mtoto, akasema, "Kumbe umesoma kweli, bwana wee!" Silvano alikuwa ameshafika na ng'ombe, akasimama hajui afanye nini.

Loisi alikaa kwenye ukingo wa shimo akihema. Alikuwa ameshinda. Angeweza kusimama, akasema ng'ombe warudi, na ingeishia hapo.

Lakini alikuwa anatazama miguuni pake. Pande zote walitapakaa kome wadogo waliofunuka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepona. Wale wote waliopita kwenye pete, wale ambao sheria yake iliamuru warudishwe, walikufia juu kwa kuwa hawakuweza kushuka. Na wale waliookoka, ambao ndio wangekijaza kinamasi tena, ndio hasa sheria yake iliwaruhusu watu kuwachukua.

Alisimama.

"Baba Abeli, ulisema kweli nusu."

Watu walimgeukia.

"Wadogo watakufa. Walioko kule tulikotoka, kwenye tope bichi, wako hai leo, lakini hawatafika mvua. Nilikosea kukataza wasivunwe." Aliinua pete juu. "Wavuneni. Kila anayepita kwenye pete, chukueni. Asiyepita, aachwe alipo."

"Dada," Mustapha alisema akicheka, "umegeuza sheria miguu juu."

"Kwa ukame huu tu. Maji yakirudi, na sheria inarudi kama ilivyokuwa."

"Na plau?" Abeli aliuliza.

"Kule kwenye tope bichi wakubwa bado hawajashuka sana. Plau itawafikia. Mkono ukikwangua juu juu hauwafikii."

"Hao wadogo hawatajaza gari."

"Hawatajaza."

Mustapha aliacha kucheka. Alilitazama gari lake, akawatazama akina mama, akasonya. "Haya, leteni hivyo hivyo. Ila kuhusu mwakani, siahidi."

Abeli hakusogea. Ng'ombe mmoja alitikisa nira, mnyororo ukalia. "Unajua wilayani wakisikia umeruhusu wadogo, mkataba wako umekwisha?"

"Najua."

"Na hukulazimika kusema. Tulikuwa tumeshashindwa."

Loisi alijifuta tope kwenye sketi, akatoa simu, akatafuta namba ya mkuu wake. Chini kabisa, Dorkasi na wenzake walikuwa wameshaingia kwenye tope bichi, wamejipanga mstari, wakikwangua kwa viganja. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Haloo, Loisi. Kuna tatizo?"

"Lipo, bosi. Nimewaruhusu wavune wadogo."

"Umeruhusu nini?"

Aliwaona Abeli na Silvano wakihangaika na pini ya mnyororo. Ilitoka. Plau ilianguka kando, na Silvano akawageuza ng'ombe kuelekea nyumbani. Abeli hakwenda nao. Alirudi akasimama karibu na Loisi, akainama kwenye simu, na kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu hufika mbali bila kupigiwa kelele, akasema:

"Msikilize kwanza! Sisi wote hapa ni mashahidi!"