Kioo cha Gari la Nkatha

Jioni moja ya Novemba, Nkatha alikuwa jikoni akifunga ndengu za kula kazini. Mumewe, Wanjohi, alikuwa mezani akiandaa hotuba anayoitoa kila mwaka kwa wageni wapya kanisani, kuhusu historia ya dhoruba za theluji katika nyanda hizi. Mtu akabisha mlango. Nkatha akafungua. Kwenye ujia wa ghorofa yao ya Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, alisimama mwanamume mwenye barafu kwenye masharubu, koti jepesi la turubai, na bata wawili mkononi.

"Ingia ndani, utaganda," Nkatha akasema.

"Nilishaganda, mama," mgeni akajibu. "Mwaka wa arubaini."

Alijibu kwa Kiswahili kwa sababu alikuwa amekaribishwa kwa Kiswahili. Jina lake lilikuwa Halvor. Alipangusa viatu kabla ya kukanyaga zulia, na Nkatha akaliona hilo.

Wanjohi aliijua vizuri dhoruba ya mwaka wa arubaini. Aliisoma katika masomo ya jioni, miaka ile alipokuwa akisafisha ofisi mjini Minneapolis mchana, na cheti chake kilitundikwa juu ya televisheni. Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na joto. Wawindaji wa bata walikwenda kwenye visiwa vya mto Mississippi na nguo nyepesi, upepo ukageuka, na wengi hawakurudi. Aliijua pia ya 1888, iliyowakuta watoto wakitoka shule, na ya 1991, iliyoanguka jioni ile watoto wanapopita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Kwa hiyo alivua miwani, akamhoji mgeni.

"Upepo uligeuka saa ngapi?"

"Sikutazama saa, mzee. Bata walikuwa wanashuka wengi mno. Tulikuwa na furaha."

"Hilo si jibu," Wanjohi akasema.

Nkatha alikuwa ameshaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Alipiga magoti, akaitia mikono ya Halvor majini, akaishika humo taratibu, kama anavyoishika mikono ya wakongwe kule makao ya wazee anakofanya kazi, mpaka kucha zikaacha kuwa za bluu. Kisha akampa uji. Alimpa katika kikombe kikubwa chenye mpini wa rangi ya dhahabu, ambacho kila mtu nyumbani alijua ni cha nani.

"Na wewe, mama," Halvor akauliza, "umekula?"

Nkatha akabaki na mwiko hewani. Kisha akacheka. "Nitakula huko kazini."

Wanjohi alihisi moto chini ya mbavu. Aliamua ni kiungulia.

Halvor alirudi kila jioni iliyoanguka theluji, na mwaka huo theluji haikuwa na haya. Bata walikuwa walewale wawili. Nkatha aliwachemsha mara moja, maji yakakataa kupata moto, akamrudishia. Velma wa ghorofa ya chini, aliyekutana na Halvor kwenye ngazi, alimwomba tu akung'ute viatu nje.

Wanjohi alimpigia simu binti yao, Mumbi, aliyekuwa akiishi mji jirani wa Crystal.

"Mama yako anamshika mwanamume mikono."

"Nani? Huyo wa 1940? Dadi, si huyo ni mtu amekufa?"

"Kufa si kisingizio."

"Basi na wewe mwambie akushike."

Wanjohi hakuwa mtu wa kuomba. Kesho yake alishuka kwenye maegesho bila koti wala glavu, akasimama upepo unapopita. Kwa elimu yake alijua ni muda gani mtu anaweza kusimama hivyo bila kupoteza kidole. Vidole vilipokufa ganzi alipanda ngazi, akabisha mlango wake mwenyewe.

Nkatha akafungua. "Baba Mumbi, kwani umepoteza funguo?"

"Mikono imekufa ganzi."

"Si maji yako kwenye bomba? Usiyafungulie ya moto sana." Akarudi kwenye beseni.

Halvor aliinuka ili ampishe. Nkatha akamwambia atulie. Halvor aliitazama mikono ya Wanjohi kwa makini, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

"Hiyo si kitu, mzee," akasema. "Itapita."

Alipomaliza uji, alichukua funguo za gari msumarini, akashuka. Wanjohi alikwenda dirishani. Halvor aliwasha gari lipate joto, akafagia theluji juu ya paa, kisha akachukua kipande cha plastiki na kuanza kukwangua barafu kwenye kioo cha mbele, pole pole, pembe hadi pembe. Kioo hicho Nkatha alikuwa amekikwangua mwenyewe miaka yote waliyoishi Marekani, kabla ya kila zamu. Na katika miaka hiyo Wanjohi hakukosa hata siku moja kumwambia, kabla hajatoka, nje ni digrii ngapi.

Nkatha aliingia garini lakini hakuondoka mara moja. Aliweka mikono mahali hewa ya moto inapotokea, akafumba macho. Halvor alisema kitu, naye akacheka. Dirisha halikuleta maneno.

Jumapili ya hotuba, ibada ilikuwa ya jioni, na theluji ilianza kuanguka wakiwa wanavaa. Wanjohi alishuka na suti yake na faili la picha kwapani, akaketi garini kando ya mkewe. Upande wa dereva, aliposimama Halvor, kioo kilikuwa safi. Mbele yake yeye kilikuwa cheupe tupu.

Akagonga kioo kwa pete.

"Kijana," akasema, "upande wangu bado."

Halvor akawaweka bata chini, akazunguka, akaanza kukwangua.

"Ni digrii kumi na nane chini ya sifuri," Wanjohi akamwambia mkewe.

"Najua," Nkatha akasema, akashika usukani, akangoja.