Makoti ya Wazazi Walioitwa Shule

Mwaka wa themanini nilikuwa baba wa watoto saba katika shule moja ya sekondari hapa Mbale, na mke sina. Usicheke kwanza. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Arvind. Yeye walimfukuza nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka wa sabini na mbili, akaniachia mashine yake na maneno mawili tu: "Magidu, mafuta." Nikaitia mafuta. Mashine ile ilikuwa na nguvu! Siku moja ilishona mkia wa mbwa kwenye suruali ya polisi, wakaenda pamoja mpaka Tororo.

Sasa ile shule. Vita vya sabini na tisa vilipokwisha, walimu waliona kwamba watoto wameharibika. Ni kweli, wengine walijua kutofautisha bunduki kwa mlio kabla ya kujua saba mara saba. Dawa iliyopatikana ilikuwa ubao. Mwalimu wa nidhamu, jina lake Gidudu, aliandika kanuni thelathini na moja kwa rangi nyeupe, akaupigilia misumari ukutani. Ya ishirini na mbili ilisema hivi: atakayekosa adabu atafukuzwa mpaka arudi na baba yake.

Baba yake! Katika Mbale ile, mwaka mmoja tu baada ya vita! Ungedhani akina baba wamepangwa dukani kama sabuni, unanyoosha mkono unashusha mmoja.

Watoto wakaja kwangu, kwa sababu ya makoti. Nyuma ya mashine nilikuwa na kamba, na kwenye kamba zilining'inia nguo ambazo wenyewe walizileta kushonwa, wasirudi kuzichukua. Kumi na moja. Kila moja niliibana kikaratasi chenye jina. Sikuuza hata moja, nguo ya mtu ni ya mtu. Lakini kuzivaa nilizivaa. Leo mimi ni karani kutoka Malukhu, mwezi ujao ni muuza kahawa mwenye kanzu na kikohozi. Nilimkaripia mtoto nisiyemzaa mbele ya mkuu wa shule, nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto, tukaachana getini tukicheka.

Namono alipokuja hakucheka. Alisimama barazani mchana, ndani ya sare niliyomshonea mimi. Alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa mwisho ulibakiza siku sita.

"Fundi, koti la baba bado liko?"

"Liko."

"Livae kesho. Wamenifukuza."

"Umefanya nini tena?"

"Nilichelewa paredi ya asubuhi. Mwalimu Gidudu akasema nipige magoti, mikono juu. Nikakataa."

"Si ungepiga tu, binti yangu? Magoti yanaoshwa."

Akanitazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Mara ya mwisho kupiga magoti hivyo ilikuwa Bugembe, njia ya Jinja, kwenye kizuizi cha askari. Mimi na baba, mikono juu. Mimi waliniambia nisimame. Yeye hawakumwambia."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa moja moja. Baba yake, Wanzala, alikuwa karani wa malori ya Jinja. Aliniletea koti la kijivu nigeuze kola iliyochakaa, upande mzima uje juu, akasema, "Nitapita Ijumaa nikirudi." Ijumaa ngapi zimepita, hesabu mwenyewe.

Kesho yake nikalivaa, nikaenda. Shule nzima imepanga mistari uwanjani. Gidudu amesimama chini ya ubao wake na fimbo. Masomo yule bwana aliyafundisha kwa Kiingereza kizuri. Adhabu aliitoa kwa Kiswahili, kile cha askari wa kambini.

"Wewe nani?"

"Wanzala, baba wa Namono."

"Mwezi jana ulikuwa baba wa Shifa. Kabla ya hapo baba wa Mafabi." Akatoa karatasi mfukoni. "Iko watoto saba, makabila manne. Yote yako?"

"Vita, mwalimu. Tulikimbia huku na huku."

Mistari yote ikaangua kicheko. Hapo ndipo nilipokosea. Usiwachekeshe watoto mbele ya mtu mwenye fimbo.

"Sawa," akasema. "Baba ni wewe. Mwambie apige magoti. Hapa, mikono juu. Akipiga, anafanya mtihani. Akikataa, anaenda, na hao sita wako wanamfuata."

Nikamtazama mkuu wa shule, Masaba. Alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Basi nikamgeukia mtoto nikasema, "Piga tu, Namono. Dakika moja."

Hakunitazama usoni. Alitazama kola, akabaki amesimama.

Mjini nilisimulia kwamba nilimzaba Gidudu kofi akaruka mpaka juu ya jabali la Wanale, akashuka jioni akiwa na nyani wawili. Sikumzaba. Nilisema, "Mimi si baba yake," nikatoka getini, na nyuma yangu wote saba wakafukuzwa.

Nilifika barazani nikiwa na hasira. Gidudu nilimchukia, ndiyo. Lakini amri ya askari wa kizuizini ilikuwa imetoka kinywani mwangu, na nilikuwa ndani ya koti la Wanzala! Niliipiga mashine ya Arvind teke, maskini, mguu ukavimba wiki nzima.

Asubuhi iliyofuata nikashusha zile nguo zote kumi na moja. Wale saba nikawakuta tayari wamekaa barazani, hawana pa kwenda. Tukabeba. Watatu walikuta nguo ya baba yao, wengine wakabeba ya baba wa mtu. Tukaingia wakati wa paredi, tukazitundika kwenye wavu wa mpira, vikaratasi vikitazama mistari.

"Nini hii?" Gidudu akafoka.

"Wazazi," nikasema. "Kanuni ya ishirini na mbili. Uliwaita, wamekuja. Haya, washtakie watoto wao."

"Toa takataka hii!"

"Toa wewe, afande. Anza na koti lolote."

Neno "afande" lilimchoma, nililiona likiingia. Akaja mbio mpaka kwenye koti la kijivu, akanyoosha mkono, akasoma kikaratasi. Mkono ukabaki hewani.

Masaba akashuka ngazi. Akaanza kusoma majina kwa sauti, kama anaita daftari la darasa. "Geresom. Jaketi, zipu imekatika. Wanzala. Koti, kola." Alipofika la tano, katoto ka kidato cha kwanza kakasema kutoka mstarini, "Huyo ni wetu." Hakuna aliyejua kwamba hakana baba. Kalikuwa kamefuata kanuni zote thelathini na moja.

Masaba akasoma mpaka la mwisho. "Wote saba, darasani," akasema. Basi. Hakuna aliyeomba radhi, si siku hiyo, si baadaye. Ubao haukung'olewa. Gidudu aliongeza kanuni ya thelathini na mbili: ni marufuku kuanika nguo kwenye wavu. Leo bado inanichemsha damu.

Jioni Namono akaja.

"Kola hujaigeuza."

"Nilikuwa nikimsubiri mwenyewe."

"Igeuze. Nitalivaa kwenye mtihani."

"Kanuni ya tisa inasema sare tu."

"Najua inavyosema, fundi. Igeuze."

Niliigeuza palepale, mbele yake, mshono mdogo mdogo kama niliomkusudia baba yake Ijumaa ile.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya ua wa shule, mkasi mfukoni, na Mungu wangu anajua nilichowaza. Jua lilikuwa kali. Namono alikuja ndani ya koti la kijivu, mikono ya koti imemfunika vidole, kola imesimama safi. Mlangoni yuko Gidudu. Akatazama koti. Akageuka akatazama ubao wake. Namono hakupunguza mwendo hata hatua moja, wala hakumwamkia.

Gidudu akasogeza miguu, akampisha.