Kibuyu Kimerudi kwa Minza

Minza aligawa vitu vyake akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Vitenge alimpa binti yake Christina. Kibuyu cha kusukia maziwa, alichokuja nacho siku alipoolewa, akampa wifi yake Nyanzala. Nani angemlaumu? Tumbo lilimuuma tangu masika, na ultrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye kongosho. Mtaa wao mzima wa Ilembo ulishakata kesi kwamba ni kansa, na watu wakaanza kumsalimia kwa sauti ya msibani.

Mumewe, Maduhu, alikuwa ametumbua majipu ya ng'ombe maisha yake yote, na kwake uvimbe ni kitu cha kutobolewa. Hospitalini mjini akamkabili Daktari Eufrazia.

"Daktari, mchome sindano tuone kinachotoka. Ng'ombe wangu nawafanyiaga hivyo hivyo."

"Baba, hata mimi nilitaka kuchukua kinyama nikapime. Ila hii picha inanitia wasiwasi. Kama uvimbe umejaa damu, nikichoma, mama atavuja damu ndani nishindwe kuizuia. Nipeni muda."

Maduhu akanuna. Minza alilishika neno muda, maana ndicho kitu alichokuwa ameshakiaga.

Wakamwingiza kwenye mashine ya CT, wakamtia mshipani dawa ya kuing'arisha damu kwenye picha, joto likampanda hadi kooni. Baada ya siku chache daktari akawaita mbele ya kompyuta. Picha ya kwanza, uvimbe ulikuwa mweusi. Iliyofuata, uling'aa pembeni. Ya mwisho, ulikuwa mweupe wote, sawa na mishipa mikubwa iliyo jirani yake.

"Nimewatumia picha mabingwa wa Dar, tumekubaliana," alisema. "Ni mishipa ya damu imejikusanya. Kwenye kongosho ni nadra sana, mimi ndiyo mara ya kwanza kuuona. Si kansa."

"Mnautoa lini?" Maduhu aliuliza.

"Hatuutoi, haumsumbui. Kinachomuuma ni vidonda vya tumbo, na hivyo vina dawa. Uvimbe tutaupiga picha tena baada ya miezi sita. Ukikua au ukivuja, hapo ndipo tutaongea habari za kisu."

Minza alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Alikuwa na furaha na hakuona sababu ya kuificha.

Miezi sita ikapita. Tumbo lilikuwa limetulia, na picha mpya ikaonyesha uvimbe uko vilevile. Kutoka hospitalini, Minza hakwenda nyumbani. Kwao, kudai kitu ulichokitoa kwa mkono wako ni aibu, naye alilijua hilo vizuri. Akakatiza mtaa wa Majengo kichwa juu hadi mlangoni kwa Nyanzala.

"Wifi, nimefuata kibuyu changu."

"Si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa nikiwa nakufa. Sasa sifi."

Nyanzala alimtazama, macho yakamlowa. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kikiwa na maziwa ya jana yaliyoganda. Minza akavuta kigoda, akaketi, akakipakata kibuyu, akaanza kukisukasuka hapo hapo.