Injini ya Kifuniko cha Kijani

Plagi ya pili ilitoka safi. Mzee Plagi aliigeuzageuza vidoleni, akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko plagi yenyewe, kisha akaiinua kwenye mwanga wa mlango wa gereji. Ilikuwa na rangi ya biskuti, kana kwamba imetoka dukani jana. Akafungua ya nne. Hiyo ilikuwa nyeusi tititi, imelowa oili.

"Haiwezekani," akasema, na hapakuwa na wa kumjibu isipokuwa gari.

Na kweli haikuwezekana. Silinda ya pili ndiyo iliyokuwa ikila oili miaka yote. Ringi za pistoni yake zilianza kuchoka tangu mwanawe wa mwisho anavaa kaptula. Jina la Plagi hakuliokota barabarani. Watu walimletea plagi za magari yao zimefungwa kwenye karatasi, naye akizitazama tu aliwaambia gari linaumwa wapi. Leo plagi za gari lake mwenyewe zilikuwa zinamwambia uongo. Au ni yeye asiyejua tena kuhesabu hadi nne? Akahesabu kwa kidole, kuanzia upande wa rejeta. Moja, mbili, tatu, nne. Akarudia. Ya nne ilikuwa palepale, nyeusi vilevile.

Jambo hili lisingekuwa kubwa kama si ule ugonjwa. Alipigwa na kiharusi chepesi, akalazwa hospitali, akarudi nyumbani na mkono wa kushoto mzito kidogo na familia inayomtazama kichwani badala ya usoni. Binti yake, mkunga katika mji mwingine, alimpigia simu kila jioni kumuuliza leo ni siku gani, kama vile kalenda imepotea nyumbani kwake. Mara nyingi alijibu sawasawa. Lakini kuna siku alitia chumvi kwenye chai, na siku nyingine alisimama katikati ya jikoni bila kukumbuka alichofuata. Mambo madogo, ila kwa mtu aliyetoka hospitali hakuna dogo.

Binti alipokuja kumtazama alisema wazi: Baba ahamie kwake, gereji ifungwe, vifaa wapewe wanaovihitaji. Ndipo Mzee Plagi alipojifunga mwenyewe kwa mdomo wake, mezani, mbele ya wanawe wote wawili.

"Gari langu linanguruma vibaya tangu nirudi," alisema. "Nipeni mpaka Jumapili. Ile injini nimeifungua na kuifunga mara nyingi kuliko vifungo vya shati langu. Nikishindwa kuirekebisha, basi kichwa hiki hakifai. Nitapanda basi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu."

"Sawa, Baba," binti alijibu, na machozi yakamlengalenga.

Mwanawe wa mwisho alikuwa dereva wa gari la mikate. Aliinamia sahani yake akaendelea kutafuna kitu alichokwisha kukimeza zamani.

Kwa hiyo mzee alikuwa anashindana na injini ya petroli, na zawadi yenyewe ilikuwa akili yake. Mpinzani alimjua, au alidhani anamjua. Silinda nne, ujazo wa cc elfu moja na mia tatu, kabureta moja, hakuna kompyuta wala nyaya za kukupa kizunguzungu. Ilikuwa injini ya adabu, lakini mbovu kwa namna zake, na ubovu wake aliujua kama mtu anavyojua tabia za shemeji. Choki hunata asubuhi zenye baridi. Pampu ya maji huanza kulia kabla ya kufa, tena hulia kwa muda mrefu, ikutie wasiwasi kwanza. Gasketi ya silinda hedi haitaki kabisa gari lichemke. Na sili ya nyuma huvuja, kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na doa la oili sakafuni, chini ya kiti cha dereva.

Sasa doa lilikuwa mbele, chini ya rejeta. Sakafu ya nyuma ilikuwa kavu.

Alipiga magoti akaigusa ile sakafu kavu kwa kiganja. Alifunga boneti, akaifungua tena ghafla, kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. Kifuniko cha valvu kilikuwa kilekile cha kijani, alichokipaka yeye kwa rangi iliyobaki walipopaka mlango wa jikoni, wakati mkewe yu hai. Kabureta ilikuwa yake, na mkwaruzo wake ubavuni. Distribyuta yake. Kila alichokiona ni chake, na kila alichokisikia ni cha mtu mwingine. Namba ya injini iliyogongwa chini pale hakuitazama, na wala haikumpitia akilini. Nani anayemwomba mwanawe cheti cha kuzaliwa kabla ya kumkaribisha chai?

Akafunga plagi, akatega moto wa distribyuta, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, pale alipoutega maisha yake yote, akawasha. Injini ikagonga, ka-ka-ka, kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Akaizima haraka.

Jumamosi mchana mwanawe alipita kumletea mikate, akakaa juu ya tairi kuukuu karibu na mlango.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaliendesha nilipolazwa," Mzee Plagi alimwambia. "Lilikusumbua?"

"Hapana, Baba. Lilikuwa zima tu."

"Hebu nikumbushe, mwanangu. Silinda ya pili ilikuwa inakula oili, au nimeota?"

Kijana alijikuna shingo. Alitazama nje, akatazama viatu vyake.

"Labda umechanganya, Baba. Daktari alisema inatokea."

Mzee Plagi alitikisa kichwa polepole. Maneno hayo yalimwingia kama maji ya baridi. Hakumkasirikia mtoto. Alijikasirikia mwenyewe, kisha hasira ikaisha ikabaki hofu tupu. Kama silinda ya pili ameiota, ni nini kingine alichokiota? Ule mlango wa jikoni ulikuwa kweli wa kijani? Aliona haya kumuuliza mwanawe swali la namna hiyo.

"Haya," alisema. "Nisaidie kufunga vifaa. Kesho dada yako asikute nimevitawanya."

Wakaanza. Spana moja moja, kubwa chini, ndogo juu. Kijana alifanya kazi kimya kimya, jasho likimtoka kuliko uzito wa spana. Chini kabisa ya kisanduku mzee alikuta spoku ya baiskeli, na alipoishika tu alijua ni ya nini. Aliikata mwenyewe injini ilipokuwa mpya. Ukiitumbukiza kwenye tundu la plagi inasimama juu ya pistoni. Ukizungusha injini kwa mkono, inapanda na kushuka nayo. Aliichonga kwa tupa alama mbili: moja ya pistoni ikiwa juu kabisa, nyingine ikiwa chini kabisa. Mafundi wengine walimcheka, wakasema anapima injini kama mama anayepima mtoto ukutani.

"Ngoja kwanza," alimwambia mwanawe. "Niiage."

Alifungua plagi ya kwanza, akatumbukiza spoku, akaanza kuzungusha kwa spana. Spoku ilipanda mpaka alama ya juu ikakaa vizuri mdomoni mwa tundu. Moyo ukamtulia kidogo. Akaendelea kuzungusha. Spoku ikashuka, ikafika alama ya chini, na haikusimama. Ilizama kuipita ile alama, kama upana wa ukucha, ndipo ikageuka na kuanza kupanda.

Alirudia. Ikazama tena kupita alama. Akahamia tundu la pili, la tatu, la nne. Kote ukucha uleule.

Aliweka mkono mmoja juu ya kifuniko cha kijani. Mtu anaweza kusahau, akachanganya, hata akaota. Lakini pistoni haiwezi kujifunza kushuka zaidi kwa sababu mzee mmoja amepata kiharusi.

"Ni injini kubwa zaidi, ya cc elfu moja na mia tano," alisema taratibu. "Hii si injini yangu."

Nyuma yake spana ilianguka sakafuni.

Alipogeuka, mwanawe alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Maneno yalimtoka bila kuvutwa. Taa ya oili iliwaka akiwa njiani kwenda kumwona baba hospitalini, akajiambia atafika kwanza. Injini ikakwama, ikafa palepale barabarani. Alitafuta nyingine ya ukoo uleule, akahamisha kifuniko, kabureta na distribyuta ili baba akirudi asigundue. Na dada alikuwa amekwisha kuonya kwamba mgonjwa asiambiwe lolote la kumshtua.

"Nilitaka kukuambia, Baba. Nilingoja upone."

"Nilipona."

"Halafu ukaweka lile sharti mezani, nikaogopa zaidi."

Mzee Plagi alikaa juu ya tairi. Furaha ilimjia kwanza, akacheka kwa sauti: kichwa chake ni kizima! Kisha akamtazama mtoto wake, na kicheko kikamkauka.

"Injini ningekusamehe kabla chai haijapoa," alisema. "Ni chuma tu. Lakini ulikaa hapa, juu ya tairi hili hili, ukanitazama ninavyojitafuta. Nikakuuliza, ukaniambia nimechanganya."

Kijana aliinama akaokota ile spana.

Jumapili binti alikuta injini inanguruma kwa upole, imetegwa upya kama inavyotaka yenyewe, bila kugonga. Aliruka kwa furaha, akamkumbatia baba yake mbele ya boneti.

"Umeikumbuka, Baba!"

"Muulize mdogo wako kama nimeikumbuka."

Mdogo wake alisema yote, akiwa amesimama, bila kuacha hata lile neno la Jumamosi. Dada alimpandishia sauti mpaka majirani wakatoka nje, kisha akalia, kisha akasema hakuna atakayemhamisha mtu. Vifaa vikarudishwa ukutani.

Mzee Plagi alirudi kwenye boneti. Alizima injini, akaiacha ipoe kidogo, akataka kufungua plagi ya nne aone kama bado inalowa oili. Kabla ya kuigusa alirudi upande wa rejeta, akanyoosha kidole, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mwanawe alikuwa anamtazama.

Mzee alisita, akarudi tena kwenye rejeta, akaanza upya kutoka moja.