Balbu ya Breki ya Mzee Revelian

Kila Ijumaa jioni Mzee Revelian wa Goba alichukua bisibisi, akafungua taa ya nyuma ya gari lake na kuilegeza balbu ya breki, ili mnunuzi wa Jumamosi aikute haiwaki. Usimcheke. Tangu mkewe Apolonia afariki, watoto nao wako Bukoba wanapiga simu sikukuu kwa sikukuu, geti lake lilikuwa haligongwi na mtu ila wale walioona tangazo la gari mtandaoni. Likiuzwa, basi, hata hao hawaji tena.

Na taa za breki mtu mmoja hawezi kuzikagua. Mmoja akanyage, mwingine achungulie nyuma. Hapo ndipo mzee alipokuwa akipata raha yake: "Kanyaga, mzee. Achia. Kanyaga tena." Kuitwa nako ni kitu, muulize asiyeitwa. Kisha mnunuzi angetikisa kichwa, maana mtu akiona balbu tu imemshinda mwenye gari, anajiuliza injini ikoje. Angekunywa chai, angesema nitarudi, na ndiyo imetoka hiyo.

Jumamosi moja akaja Sesilia, nesi wa Tegeta, bila fundi. Alipapasa tairi kuona kama ni vipara, akainama kutazama kama shokapu zinavuja, akavuta mikanda yote, akaijaribu hendibreki kwenye mwinuko wa nje ya geti.

"Kanyaga, mzee. Ya kulia haiwaki."

"Mambo ya umeme hayo, mwanangu. Chai ipo tayari."

Sesilia aliomba bisibisi. Akafungua kifuniko cha taa, akaizungusha balbu kidogo, taa ikawaka.

"Gari zima lina vumbi, ila hizi skrubu zinang'aa," alisema. "Zinafunguliwa kila mara. Kwa nini, mzee?"

Mzee alibaki kwenye kiti, mguu juu ya breki.

"Nikiliuza, nani atakuja hapa?"

Sesilia alirudishia skrubu ya mwisho. "Mie mama yangu anasafishwa figo mara tatu kwa wiki," akasema. "Anaenda na bajaji, anarudi hoi."

Mzee alizijua safari hizo. Alizifanya na Apolonia mpaka ya mwisho. Hakubishana tena. Walikwenda kuandikishana kwa mjumbe, wakarudi, mzee akampa ufunguo. Chai Sesilia alikunywa kikombe kimoja, cha pili akakataa kwa kuwa mama alikuwa anasubiri.

"Nitakuja kukusalimia, baba," alisema akiwa ameshawasha gari. Wote walikuwa wakisema hivyo.

Jumamosi iliyofuata mzee alichemsha chai ya watu wawili, mazoea tu. Pale gari lilipokuwa likikaa palikuwa na doa la oili. Saa nne simu ikalia, namba ngeni.

"Shikamoo mzee. Nimeona tangazo. Gari bado lipo?"

Kumbe alisahau kulifuta. Mzee Revelian akalitazama lile doa.

"Marahaba, mwanangu. Lipo," akasema. "Taa moja tu ya breki ndiyo inasumbua. Njoo, tena njoo mapema."