Kazi ya Mwisho ya Gaspard

Tulimzika Gaspard, lakini kwenye mashine yetu alikuwa bado kazini. Jina lake lilikaa kwenye skrini, na pembeni yake: inaendelea.

Sisi ni ofisi ya mizigo, bandarini Kalundu. Kila kazi inayopita kwenye seva huazima nafasi ya muda kwenye diski, na ikiisha, mashine yenyewe huisafisha nafasi hiyo. Kazi ya mwisho ya Gaspard, aliyoianzisha kabla ya kuugua, haikuisha. Ilizidi kuandika, na diski ikazidi kujaa.

Kuizima ni kubonyeza tu. Sikutaka. Kwetu nyumba yenye matanga haifagiliwi mpaka siku ya kuyaondoa, nami, mkaidi niliyezaliwa na wakaidi, niliona seva nayo imefiwa. Nikawa nafuta faili za wengine ili yake ipate pa kukaa. Mkubwa wetu, Bonaventure, alinuna.

"Naomie, diske iko najaa! Weye unangoja nini?"

"Matanga, chef."

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, diski ikajaa kabisa. Karatasi za mizigo zikagoma kutoka. Boti ya Kalemie ilishapakiwa, inazingoja karatasi hizo, abiria wanachomwa na jua, watoto wachanga wanalia. Hapo akaingia Ernestine, mjane wa Gaspard, mama wa mtoto wao Merdi, kutushukuru kwa kulia naye. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi la kufagia.

Nilimwonyesha jina. Akaligusa kwa kidole.

"Iko anatumika bado?"

"Ndiyo, mama, bado yuko kazini. Nikiizima kazi hii, vyote alivyoandika vinafutika. Minye nashindwa."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Uyu muntu! Hata ku nyumba hakujuaka kupumzika." Akavuta kiti cha mumewe, akakaa. "Nimefagia kwangu asubui, Naomie. Nilisikia uchungu, lakini nimefagia. Unionyeshe pa kubonyeza."

Nilimwongoza kidole. Nilimpenda Gaspard kama kaka, nami nikabonyeza pamoja naye. Jina likatoweka. Diski ikapata nafasi, printa ikaanza kutema karatasi, Bonaventure akakimbia nazo botini.

Kwenye skrini ukabaki mstari mmoja. Ernestine aliusoma kwa sauti, polepole, kama anasoma kanisani: kazi ya Gaspard imekwisha.

"Aksanti, papa Merdi," akasema. "Sasa ulale."