Namba Chini ya Rangi ya Mitumbwi

Baba aliota tena kwamba anaendesha pikipiki chini ya ziwa. Alinieleza asubuhi huku anakunywa uji, kama mtu anayesimulia safari ya jana ya Kasulu. Maji yalikuwa ya kijani, alisema, barabara ya mchanga mweupe, na samaki, migebuka, walipita kando ya taa yake bila haraka. Marehemu mama alikuwa amekaa nyuma, shavu lake kaliegemeza mgongoni mwake. Injini haikutoa sauti.

"Na mlikuwa mnapumua vipi?" nikamuuliza.

"Hilo sikulifikiria, mwana wanje," akasema. Mwanangu, kwa lugha ya kwetu.

Mimi ningelifikiria hilo kabla ya lingine lolote. Nina stashahada ya uvuvi na ninakagua dagaa sokoni Kibirizi. Kazi yangu ni kutia mkono ndani ya gunia na kusema kama kuna mchanga au hakuna. Ndoto za maji sikuzipenda, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa mlangoni. Nyumba ya baba iko Katonga, hatua kumi na nne kutoka ziwani. Nilipokuwa mtoto zilikuwa zaidi ya mia. Mwaka wa mafuriko ziwa liliingia jikoni, likakaa wiki nane, likaondoka na nusu ya ukuta wa nyuma. Lilirudi nyuma kidogo tu. Nilitaka baba ahamie juu, Mwanga, kabla ya masika kuanza, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kupatia kiwanja ni pikipiki yake, ile ile ya ndotoni.

Ni ya Kiingereza, ya silinda moja, tangi lake refu. Haijawaka tangu nikiwa sekondari. Mwaka ule wa mafuriko tuliingiza mtumbwi mdogo sebuleni, tukaipakia pikipiki ndani yake, tukaufunga mtumbwi kwenye nondo ya dirisha. Wiki zote nane ilielea pale. Ukichungulia kutoka nje uliiona ikigeuka polepole, mara uso mlangoni, mara uso ukutani, na mwanga wa maji ukicheza darini. Baba alikuja kila jioni kuitazama, amesimama katika maji ya magoti. Sijui kama alipaona pale kuwa nyumbani kwake au mahali pengine.

Binti yangu Erica ndiye aliyeweka picha za pikipiki mtandaoni. Akajitokeza Mbelgiji mmoja, Walter, mstaafu anayekusanya pikipiki za kale. Bei aliyotaja ilitosha kiwanja, msingi na kuta. Alikuwa na sharti moja: iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1953, kwa sababu matembezi ya pikipiki za kale anayoshiriki kila mwaka hayapokei zilizozaliwa baada ya hapo.

"Baba yako anasema 1963," aliandika. "Lakini uma wa mbele, unaoshika gurudumu, ninaouona kwenye picha ni wa zamani zaidi. Namba ya injini haitoshi, injini hubadilishwa. Nahitaji namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, chini ya tangi. Kuna mtu anatunza vitabu vya kiwanda. Akiipata namba, atatoa tarehe kwa maandishi."

Shida ni kwamba shingo haikuwa na namba. Ilikuwa na rangi.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wetu hulala nyumbani siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kuvuta mitumbwi mchangani, kuziba nyufa kwa pamba na kupaka rangi. Baba alikuwa mvuvi, na hakujua njia nyingine ya kutunza chombo. Karibu kila mwaka, rangi ya mtumbwi ilipobaki kwenye kopo, aliimalizia kwenye pikipiki. Fremu, magurudumu, hadi mnyororo. Ilikuwa imenenepa kama kitu kilichochongwa kwa sabuni.

Nilimwambia tutaikwangua.

"Hapana," akasema.

"Baba, bila namba hakuna tarehe, na bila tarehe Mbelgiji hanunui."

"Mwambie ni sitini na tatu. Niliinunua mpya, ikiwa bado na majani ya kufungia mizigo. Aandike hivyo."

"Akiandika hivyo hanunui, nimekwambia."

"Basi asinunue. Ukiitoa rangi, kutu inaingia."

Aligeukia ziwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Baba anaitwa Anatoli Nyabenda, ana miaka themanini na mitatu, na akishakataa huwezi kumtoa hapo hata kwa winchi. Nikamfuata Wilfred, fundi wa mitumbwi, jirani yake wa miaka mingi.

Wilfred alikuja siku ya pili ya mbalamwezi, mchana, mikono imejaa lami. Aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Shikamoo, Mzee. Hii mashine siku ikidondoka ziwani itaelea."

"Marahaba. Imeshaelea."

"Kumbe. Sasa mbona unamnyima mama Erica namba yake? Unajua, kwa mambo ya dagaa, yule hata mama yake mzazi angemrudishia gunia."

Baba akacheka kidogo. Wilfred akatoa kiberiti mfukoni, akakibandika shingoni mwa pikipiki. "Nikate hapa tu, saizi hii. Dirisha. Kwingine siweki kisu."

Baba alikitazama kile kiberiti muda mrefu. Upepo ulikuwa umetulia, na vitoto vya mawimbi vilipanda mchangani mbele ya mlango, vikarudi. Mwisho akasema, "Kata. Lakini usiponde. Toa kipande kizima."

Wilfred alikata pande nne kwa wembe, taratibu, kisha akapasha moto kisu chembamba na kukipitisha chini. Kipande kikang'oka chote kwa pamoja, kinene kama soli ya kandambili. Akanipa. Pembeni zilionekana rangi zote zimelaliana: nyekundu ya mtumbwi uliozama Kalya, njano ya ule aliomwachia kaka yangu, buluu, buluu tena, kijani cha mwaka niliofaulu darasa la saba, nyeupe iliyogeuka kama maziwa. Nilizihesabu kwa ncha ya sindano. Arobaini na moja. Nilivyozidi kuzitazama niliona mitumbwi yote imevutwa mchangani safu moja, kila mmoja na mwaka wake, na baba kijana akipita katikati na kopo lililobaki na rangi kidogo. Nilisahau kwamba nilikuwa na haraka.

Rangi ya chini kabisa ilikuwa buluu iliyopauka, na haikupakwa kwa brashi. Ilikuwa na michirizi ya vidole. Vidole vyembamba.

"Nani alipaka hii?" nikauliza.

Baba akaninyooshea kidole kwenye shingo. Wilfred alikuwa ameshafuta chuma kwa petroli. Niliweka karatasi juu ya shingo, nikapitisha penseli ubavu, na namba zikajitokeza moja moja kama zinapanda kutoka kwenye kina. Nikapiga picha, nikaituma.

Jibu lilikuja siku ya nne, nikiwa Kibirizi. Mtunza vitabu alikuwa ameandika kwamba pikipiki yenye namba hiyo ya fremu ilitoka kiwandani mwezi wa Mei, mwaka 1951. Chini yake Walter aliongeza kwamba anainunua.

Nilifurahi mpaka nilipofika Katonga. Hapo ndipo nilipoielewa tarehe. Baba aliinunua mwaka aliooa, na tulikua tukisikia kwamba alikuwa mtu wa kwanza kuikalia. Babu mzaa mama, mzee Ntakarutimana, aliyevuka na familia yake kutoka Burundi, alikuwa amesema hamtoi binti yake kwa mtu anayepanda mabaki ya wazungu. Baba aliapa mbele ya ukoo wote kwamba ni mpya. Kwa kiapo hicho alipewa mama.

Habari mbaya sijawahi kujua kuizungusha.

"Baba, ni ya hamsini na moja. Ulipoinunua ilikuwa na miaka kumi na miwili. Mbelgiji anaichukua."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu ikielekea ziwani.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa kuukuu. Aliyeniuzia alikuwa karani wa bandari. Ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye taa. Mama yako aliiona siku mbili kabla ya harusi. Akapita tu nyuma ya nyumba ya mjomba wake, nilikoiegesha, akaikuta, akaikagua kama wewe unavyokagua gunia."

"Akasema nini?"

"Akauliza, 'Hii ndiyo mpya?' Nikajifanya nafuta taa. Akaenda akarudi na rangi iliyobaki ya mtumbwi wa mjomba. Brashi hakupata. Akapaka kwa vidole, gauni limefungwa kiunoni, anacheka peke yake. Baba yake alipokuja kuikagua, rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Ilimnasa kiganja. Akasema, kweli hii ni mpya."

Nilikaa chini, sakafuni.

"Kwa hiyo ulikuwa unaificha."

"Mwanzoni. Ukoo wake walikuwa wanakuja kila mwaka, na buluu ile ilikuwa inabanduka. Halafu wakafa wote, nikaendelea kupaka. Nilikuwa namfunika mama yako, asibanduke." Akanigeukia. "Huyo Mbelgiji ataikwangua?"

Ningeweza kumdanganya. "Akishainunua ni yake. Nadhani ataikwangua."

"Ndiyo. Mtu wa tarehe atataka chuma." Akanyoosha mkono. "Kile kipande kiko wapi?"

Nilikuwa nimekitia kwenye kifuko cha nailoni, kile cha sampuli za dagaa, na lebo nilikuwa nimeiandika kwa mazoea: tarehe, mahali, jina la mkaguzi. Alikitoa, akakigeuza chini juu, akapitisha kidole gumba kwenye ile michirizi. Kila mchirizi wa buluu ulikuwa mwembamba kuliko kidole chake. Kisha akakitia mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo.

"Waambie waje kuichukua," akasema.

Wasafirishaji waliifunga kwenye kreti la mbao, ikapelekwa stesheni. Baba hakuisindikiza. Wiki ya tatu ya Februari, kabla masika hayajashika, tulimhamishia Mwanga, kwenye vyumba viwili vyenye harufu ya saruji mbichi. Kutoka mlangoni pake ziwa linaonekana lote, tambarare, dogo, mitumbwi kama punje.

Asubuhi ya kwanza nilimpelekea uji. Shati lilikuwa limening'inizwa msumarini, mfuko umefungwa kifungo. Akaniambia ameota ile pikipiki.

"Mama yako ndiye alikuwa anaendesha. Mimi nimekaa nyuma."

"Na mlikuwa mnapumua vipi?"

Alipuliza uji, akafikiri.

"Hapakuwa na maji," akasema.